Mkono wa Saa Tisa

Amalemba, Kakamega
14 Agosti 1996

Kwa dada yangu mpendwa Muhonja,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mko wazima huko Matete, na kwamba mahindi yamekomaa vizuri. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia.

Hospitali hii ya misheni ninakofanya ukarani ina muuguzi wa wazee, Sista Jepchirchir, mwenye utaratibu wake. Kila mfanyakazi hupewa mgonjwa mmoja ambaye maumivu yake hayasikii dawa. Saa tisa alasiri unaketi naye nusu saa, unamshika mkono, mnazungumza, kisha unatia sahihi daftarini. Mimi nilipewa Kukhu Awinja, bibi kizee asiyeona vizuri, ambaye magoti na mgongo vimemtesa miaka kumi na miwili.

Baada ya majuma matatu, Sista alinisifu mbele ya wote. Alisema Kukhu halii tena, anatembea hadi mlangoni. Wenzangu walinitania eti niache kalamu, nifungue duka la kukanda watu. Nilicheka nao.

Dada, sikuwahi kuketi naye hata siku moja. Nilikuwa natia sahihi, kisha najifungia katika chumba cha mafaili.

Jana nilikwenda kumwomba msamaha. Kabla sijafungua kinywa, alinishukuru kwa kuja kila siku. Alisema mimi si msemaji, lakini nikimshika tu, maumivu hutulia. Kisha akapapasa kiganja changu, akacheka, akaniuliza kile kidole cha mwisho kimeota lini.

Unajua ni Mama aliyekatwa kidole hicho na kinu cha miwa kule Khayega. Nilikuambia Mama alifariki nikiwa nimemshika mkono. Nilikudanganya. Aliniita nimshike, nikaiogopa ile mikono iliyopindwa na maumivu, nikasimama nje ya mlango mpaka akanyamaza.

Leo saa tisa niliketi. Nilimshika Kukhu mkono wa kulia. Baada ya muda alininong'oneza nisogee kidogo, nisimbane mwenzangu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya blanketi, vidole vimefumbata kitu nisichokiona.

Sikukimbia. Nusu saa ilipokwisha nilifungua daftari, nikatia sahihi yangu, na chini yake nikaandika jina la Mama.

Nisamehe, dada. Nisalimie shemeji, na watoto uwashike mikono kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Shikanga