Ombi la Kumwaga Maji ya Dampo Ziwa Kortelampi

CHAMA CHA SAUNA CHA KORTELAMPI
Kikao cha dharura, Jumamosi, 11 Februari 2023, chumba cha kubadilishia nguo

Waliohudhuria: Bi. Raili Kettumäki (Mwenyekiti), Bw. Veikko Saarenketo (mtunza jiko la sauna, bafu letu la mvuke), Bi. Hilkka Ojaluoma (Katibu) na wanachama tisa.
Mgeni: Bw. Jouni Varpula, mhandisi wa kampuni ya dampo.
Asiyehudhuria: Bw. Taisto Ojaluoma (marehemu). Mwenyekiti alikumbusha kwamba jina hili liondolewe. Litaondolewa.

KUMB. NA. 1/2023: OMBI
Mhandisi alieleza kwamba maji meusi yanayochuruzika chini ya dampo sasa hutiwa dawa ya kuoksidisha, kisha huchemshwa kwa maikrowevu mpaka uchafu uungue. Aliomba saini ya chama, kwa kuwa ufuko ni wetu, ili maji hayo yaingie ziwani karibu na shimo tulilotoboa kwenye barafu, tunamojitumbukiza tukitoka sauna. Alionyesha chupa mbili, moja rangi ya kahawa, nyingine angavu, na dumu la maji yaliyokwisha kutibiwa.

Bw. Saarenketo aliuliza kama ni rangi ndiyo iletayo ugonjwa. Mhandisi alijibu kwamba kuwasha jiko si kujua kemia. Bw. Saarenketo alisema, "Kijana, jiko langu halijawahi kumdanganya mtu." Mwenyekiti aliwaomba waheshimiane. Hawakuheshimiana.

KUMB. NA. 2/2023: JARIBIO
Bw. Saarenketo alitaka maji ya mhandisi yamwagwe kwenye mawe ya sauna, kwa sababu kila Jumamosi tunamwagia mawe hayo maji ya ziwa. Mhandisi alisema hiyo si sayansi. Mwenyekiti alisema, "Unataka wajukuu zetu wayaogee, halafu mvuke wake unauogopa?" Mhandisi aliingia na suti yake.

Upawa uliotumika ni ule aliouchonga marehemu Bw. Ojaluoma, mume wa Katibu, wenye uzi mwekundu mpinini ili autambue gizani.

Kwa upawa wa kwanza, sauna ilijaa harufu kali ya mkojo uliolala. Wote walikimbilia nje kwenye theluji, mhandisi akitangulia. Alipomaliza kukohoa alieleza kwamba dawa huondoa rangi lakini amonia hubaki, na mtambo wa kuitoa umo kwenye mipango ya baadaye.

"Ulijua," alisema Bw. Saarenketo.

Mhandisi alijikung'uta theluji. Mwenyekiti alimuuliza kama ni kweli.

"Nilijua."

KUMB. NA. 3/2023: UAMUZI
Saini ilikataliwa kwa kura zote. Mhandisi aliondoka na dumu lake bila kumiminiwa kahawa. Bi. Lempi Rautakoski aliomba iandikwe kwamba andazi la mdalasini aliloandaliwa mgeni lilipewa mbwa.

Mawe yote yatabadilishwa. Bw. Saarenketo alishauri upawa nao uchomwe, kwani mti umeshika harufu. Katibu alikataa. Mwenyekiti alimtaka Katibu atoe hoja. Katibu hakuwa na hoja.

Bw. Saarenketo alitoka, akauchomeka upawa kwenye theluji, uzi ukionekana juu, akasema ubaki hapo mpaka harufu iishe. Hakuna aliyepinga.

Kikao kilivunjwa saa 12.10 jioni, milango ikiachwa wazi.

Mwenyekiti: R. Kettumäki
Katibu: H. Ojaluoma