Banda la Kuku la Jirani

Mwenzangu, hebu sikia!

Si unajua nilivyombembeleza mume wangu anijengee banda la kuku? Seremala mzima! Akanijibu, "Nunua tu lililo tayari, mimi sina muda." Sina muda!

Sasa hivi nimeingia uani kwa jirani, yule wa marashi. Nikakuta banda jipya, lina dirisha, lina ngazi, mbao zimepigwa randa mpaka zinang'aa. Roho ikaniuma. Nikajichekesha, nikamuuliza, "Umenunua wapi, dada, nami nikanunue?"

"Sijanunua. Najengewa."

Mara sauti ikatoka humo bandani: "Mrembo, nipitishie nyundo."

Mrembo!! Mwenzangu, sauti ya mume wangu!

Nikausukuma mlango, nikatia komeo kwa nje.

Nimemwacha humo humo. Sasa muda anao.