Adapta Mpya na Swali Lako

Msambweni,
Kwale.
Tarehe 9 Juni, 1974

Mpendwa mdogo wangu Biasha,

Salaamu nyingi zikufikie huko Kadifu, Ulaya, wewe na mwanao Jumwa. U hali gani? Ule mguu unaokusumbua wakati wa baridi umepoa? Mimi ni mzima wa kiwiliwili, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Najua umenikasirikia, na haki unayo. Miezi minne sikukujibu. Na ile barua yako ya Aprili, yenye mstari mmoja tu, "Nimekuelewa kaka, sitakuuliza tena," niliisoma nikaikunja, maana sikujua uliniuliza nini. Sasa najua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakata shauri la kubaki huko.

Chanzo ni adapta ya ile tepurekoda uliyonitumia. Kile kidude cheusi cha kuchomeka ukutani, kinachoipa mashine stima, kilikufa mwezi wa Februari. Betri za huku hazidumu, kwa hiyo nikaenda Mombasa kutafuta adapta nyingine. Dukani niliangalia jambo moja tu: kama ncha ya waya inaingia kwenye tundu la mashine. Iliingia sawasawa, nikarudi nyumbani kifua mbele. Ungeniona ungecheka.

Siku ileile nikaikuta kaseti yako posta. Unajua ninavyozisikiliza. Tangu marehemu mke wangu Mwanarusi aniache, kaseti zako ndizo mazungumzo yangu. Wewe huamkia kama tulivyolelewa: unasema "Shikamoo kaka," unanyamaza ili niitikie, unauliza habari za nyumbani, unanyamaza tena. Nami huitikia kila neno, kwa sauti kabisa. Jirani yangu Kanze aliwahi kunichungulia dirishani akaniuliza, "Mzee Kibwana, huyo mgeni wako mbona simwoni akila?"

Safari hii hukuningoja. Uliniamkia, na kabla marahaba haijanitoka mdomoni ukawa umeshafika kwenye habari za nyumbani. Sauti yenyewe ilikuwa nyembamba, ya mtu anayechelewa basi. Nikasema, kumbe Biasha amekuwa wa Ulaya, hata kuitikiwa hataki! Niliumia, mdogo wangu. Nilizima mashine kaseti haijafika nusu, nikaitia sandukuni.

Basi nikanuna. Na kununa peke yako ni kazi bure, kwa kuwa hakuna hata wa kukubembeleza. Nilikuwa nikifungua redio nisikie sauti ya mtu, lakini mtu wa redio hakuulizi umeamkaje. Wiki iliyopita nikashindwa. Nikaitoa kaseti nikusikilize hivyo hivyo na haraka zako. Hazikupita dakika kumi, adapta ikawa ya moto haishikiki, na harufu ya plastiki inayoungua ikajaa chumbani. Nikaichomoa, nikavifunga vyote katika kanga ya marehemu, nikaenda navyo kwa fundi Kalama pale Kona ya Musa.

Kalama aliigeuza mashine tumbo juu, akanionyesha maandishi ambayo miaka yote sikuyasoma. "Mzee wangu, mashine hii yataka volti sita, nawe waipa tisa. Ndiyo maana yakimbia. Shukuru Mungu hukuunguza nyumba."

Nilitaka kujitetea kwamba ncha iliingia sawasawa, nikaona haya. Alinichagulia nyingine, na hakuwa na haraka. Alitafuta ya volti sita, inayotoa umeme wa namna ya betri. Akatazama ampea zake, yaani wingi wa umeme inaoweza kutoa, zisipungue zile zilizoandikwa kwenye mashine, maana ikielemewa huchemka. Kisha akanionyesha kijichoro kidogo kando ya tundu, kinachosema ncha ya ndani ni chanya au hasi; ukigeuza, unaweza kuiua mashine. Akaipima kwa mita yake kwanza, ndipo akairuhusu iguse mashine. Nilipoichomeka nyumbani nilikaa nimeishika kiganjani nusu saa nzima. Ilipata vuguvugu tu.

Biasha, ulikuwa wewe. Sauti yako ile nzito, ya mama mtupu. "Shikamoo kaka." Ukanyamaza. Marahaba yangu ikapata nafasi, na kikohozi changu kikapata nafasi pia. Ulikuwa umeningoja siku zote. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Safari hii nilisikiliza mpaka mwisho. Nikasikia ulivyosema kwamba tangu shemeji Chirau afariki, na Jumwa kutwa yuko kazini, unaweza kumaliza siku nzima bila kuitikiwa na mtu. Kisha ukaniuliza, "Kaka, nikirudi kukaa nawe, utanipokea?" Ukanyamaza. Hukusema neno tena. Nikasikia mvua ya kwenu, na saa ya ukutani, na wewe ukipumua, mpaka kaseti ikakatika.

Nikapiga hesabu ya miezi uliyongoja jibu, moyo ukaniuma sana. Ulidhani nimekukataa. Mimi, nikukatae wewe!

Nilikujibu palepale, tena kwa sauti kubwa hata Kanze akaja mbio kuona kuna nini. Lakini huko hukunisikia, ndiyo maana nakuandikia: njoo. Njoo ukae. Chumba cha upande wa kisimani nimeanza kukipaka chokaa, na kitanda cha mama nimekitia kamba mpya. Kama umeshakata shauri jingine kwa ajili ya kimya changu, nakuomba ulifikirie upya.

Nisalimie sana Jumwa, umwambie mjomba wake bado anamkumbuka. Kanze anakusalimu, anasema sasa anataka kumwona mgeni anayekula. Mwenyezi Mungu akupe afya, akufungulie njia, akufikishe salama.

Ni mimi kaka yako akupendaye, marahaba iko mdomoni,

Kibwana