Hatua Mia Mbili na Kumi na Mbili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na wanao. Natumaini mnaamka salama na kwamba kile kikohozi cha mdogo kimekwisha. Mwambie shangazi yake anamuulizia. Sisi huku hatujambo, ingawa neno hilo naliandika kwa adabu tu, na ukisoma hadi chini utaelewa. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unasema wewe, unamaliza wewe, unakata wewe.

Naanza na ile saa ya mazoezi. Mama alipotoka hospitali na nyonga iliyofungwa skrubu, ulimvalisha mkononi wewe mwenyewe, ukaiunganisha na simu yako ili kila jioni uone amepiga hatua ngapi. Daktari alisema wiki sita za kwanza asitembee ila humu ndani, na mtu akiwa karibu yake. Ukaona kwa saa hiyo utamchunga ukiwa ofisini kwako, mwendo wa nusu siku kutoka hapa. Nilikushukuru, haki ya Mungu, nilikushukuru kwa moyo mweupe.

Siku ya kumi ukanipigia nikiwa kazini. Unaijua kazi yangu: nakata karatasi kwa mashine yenye kisu kirefu kuliko mkono wangu, na msimamizi wetu hapendi simu. Nilipokea kwa sababu nilidhani kuna msiba. Kumbe ni wewe, unafoka kwamba mama ametembea hatua elfu nne na mia tatu, kwamba namwachia azurure mtaani na mfupa haujashika, kwamba kama nimechoka kumtunza niseme. Niliposema hajavuka mlango, ukaniambia mashine haidanganyi, mwongo ni mimi. Wenzangu wote walisikia, maana sauti yako haihitaji simu. Nilirudi kwenye kisu, nikaharibu rundo zima la madaftari ya shule.

Sasa nikueleze hizo elfu nne zilitoka wapi. Hivi umemsahau mama yako? Miaka ishirini na saba amefundisha netiboli, mtaa mzima unamwita Kocha mpaka leo. Yule mtaalamu wa viungo alimwambia asikae bure, arushe mpira ukutani akiwa ameketi, mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Kumwambia Kocha thelathini ni kumtukana. Anaketi uani kwenye kiti cha plastiki, anarusha, anadaka, anarusha, anajihesabia kwa sauti, akikosa anajigombeza kama alivyokuwa akiwagombeza wasichana wake. Mia tano asubuhi, mia tano mchana, na jioni ndiyo usiseme. Jirani wa nyuma ya ukuta alikuja kulalamika kwamba picha zake zinaanguka, mama akamwambia apigilie misumari vizuri. Na kila mkono unapokwenda na kurudi, hiyo saa yako inaandika hatua. Mtu ameketi! Makalio hayajaachana na kiti!

Ili nisiambiwe naropoka, nilijaribu mwenyewe. Jumapili niliivaa, nikakaa kwenye kigoda, nikafua mashuka mawili na taulo. Sikuinuka hata mara moja. Hatua mia tisa na arobaini. Kwa hesabu yako, nilifua huku nakimbia barabarani. Nilikutumia picha, ukanijibu kwamba siku zote nina majibu ya kila kitu.

Halafu ukamtuma mama mdogo aje kunipeleleza. Alifika, hata maji hajanywa, akaanza kukagua soli za viatu vya mama kama zina vumbi. Siku mbili alikaa mlangoni kama askari. Siku ya tatu alichoka, akaingia uani wakarushiana mpira na dada yake, wakicheka mpaka wanakohoa, na jioni ile wewe ukampigia kuuliza mbona hatua zimefika elfu sita. Alikwambia ukweli wote. Ukamjibu kwamba nimemlisha maneno. Mama mdogo, mtu ambaye hajui kukasirika, aliitupa simu kitandani na kesho yake akafunga mizigo.

Na juu ya yote hayo, umeamua. Mwisho wa mwezi unakuja kumchukua ukamweke kwako, ghorofa ya nne, ngazi tupu, hakuna uani, na mlango umefungwa kwa ufunguo kutwa kwa sababu wewe na wifi mko kazini. Mama alisema hataki. Alisema mara moja tu, kisha akarudi kwenye mpira wake, na unajua mama akisema mara moja. Yaani unamng'oa nyumbani kwake kwa ushahidi wa kitu kisichojua tofauti ya mguu na kiwiko! Damu inanichemka hata ninapoandika hapa, na kalamu imeshatoboa karatasi mara mbili.

Sasa keti, kama umesimama.

Kuna siku moja ulinisifu. Ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyopita. Saa iliandika hatua mia mbili na kumi na mbili, ukaniambia leo ndiyo nimefanya kazi, mama ametulia, niendelee hivyo hivyo. Siku hiyo, kaka, mama alitembea hadi kituo cha basi. Alikwenda kwa ile fremu ya chuma ya kutembelea aliyopewa hospitali, mikono yote miwili imeng'ang'ania vyuma, haichezi. Na mkono usipocheza, saa yako haioni mguu hata ukienda wapi. Mpira hakuugusa siku hiyo; hizo mia mbili ni za chooni na jikoni, anakokwenda bila fremu kwa kushika ukuta.

Alikwenda kukupokea. Ulikuwa umemwahidi unakuja na basi la saa nne. Alivaa gauni lake la kola nyeupe, akakaa kwenye benchi la kituo hadi saa saba, akimtazama kila anayeshuka. Akarudi peke yake. Pale penye mfuniko wa mtaro uliovunjika, mguu mmoja wa fremu ukazama, akaanguka. Fundi pikipiki ndiye aliyemwinua na kumleta nyumbani. Alinikataza nisikwambie, akasema una mambo mengi, ni michubuko tu. Lakini maumivu hayakuisha, na jana picha ya hospitali imeonyesha skrubu imesogea. Watampasua tena Alhamisi.

Bado sijamaliza. Asubuhi ile ya Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu, uliniandikia kwamba kikao kimeingilia, huji, nimwambie mama. Niliusoma ujumbe wako nikifunga kamba za viatu. Mama alikuwa chumba cha pili, anaimba, anaulizia pasi iko wapi. Ilikuwa mara ya tatu unanituma kumwambia kwamba huji. Nikasema moyoni amwambie mwenyewe, mimi si tarishi wake. Nikatia simu mfukoni, nikamwonyesha pasi, nikaenda kazini. Sikujua kwamba atatoka. Lakini nilijua anamsubiri mtu asiyekuja, na nilitaka akuone ulivyo. Hilo ndilo nililotaka, na nimelipata. Nimekufokea barua nzima, na nusu ya hasira hizi ni zangu mimi kwa mimi. Mama hajui kwamba nilijua. Nitamwambia leo, kabla sijaifunga bahasha hii.

Saa yako nimeitia humo humo, usidhani imepotea. Barua nampa dereva wa basi la mchana akukabidhi mkononi.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama yuko wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na wataanza Alhamisi saa mbili asubuhi. Ameshaniuliza kama utakuja. Sikumjibu, na sitamjibu. Namba yake unayo. Kama huji, safari hii utamwambia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Pilipili