Mfereji Uliopita Jikoni kwa Mokeira

Karibu na Masimba,
Kisii.
Jumapili, 9 Machi 2025.

Shemeji yangu mpendwa Thadeus,

Pokea salamu zangu, wewe na mkeo Anisia, mdogo wangu, pamoja na watoto. Iringa kuna baridi kama ya kwetu, kwa hiyo natumaini kifua chako hakijakusumbua. Nimeandika kwa Kiswahili ili Anisia naye asome, maana jambo hili ni la nyumba nzima. Atakayekuletea barua hii ni Joash wa kanisani, anayekuja huko kwa mkutano wa vijana. Mpe chai.

Sisi huku tu wazima. Mama yako anaendelea vyema ila magoti yanamsumbua, na presha hupanda akikosa dawa. Binti yangu Lorna bado anafanya kazi mjini Kisii na huja kila Sabato. Mvua imechelewa kidogo, majani chai ni haba, lakini migomba imezaa vizuri.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Mara ya mwisho tulipoongea ulinikatia simu. Sikukasirika. Nilijua kilichokuuma, maana mimi pia kinaniuma. Ulisikia kwa watu kwamba nimewapa wale wa ng'ambo ya mto shamba la marehemu mume wangu Nyamweya, na kwamba maji yatapita juu ya kaburi lake. Uliniambia kwamba maji yakipita hapo, hutakanyaga tena nyumbani. Naomba unisikilize mpaka mwisho, kisha uniambie kama nilikosea.

Unakumbuka jinsi kaka yako alivyofariki. Wapimaji wa mtambo wa umeme wa maji walipokuja mara ya kwanza kwenye maporomoko, uvumi ulienea upande wa Nyamira kwamba Kisii wanakuja kuwaibia mto. Vijana wakashuka na mawe, wa kwetu wakaenda na marungu. Nyamweya aliteremka kuwatenganisha, akapigwa jiwe kichwani, na hakufika hospitali. Ochoki, mtoto wa Kemunto wa ng'ambo, alifungwa kwa ajili ya jiwe hilo. Wapimaji wakaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyevuka ule mto, hata kwenda kanisani. Ukiugua, zahanati unaiona kule ng'ambo kwa macho yako, lakini unapanda boda boda kwenda mbali.

Mwaka juzi tukasikia kaunti hizi mbili, Kisii na Nyamira, zimekaa meza moja. Ukweli ni kwamba hakuna ambayo ingeweza kujenga mtambo peke yake. Ukuta wa kuzuia maji lazima ushike kingo zote mbili, na mwamba mzuri uko kwao. Lakini kwao chini ya mwamba ni genge tupu, na mteremko wa kupitisha mfereji uko kwetu. Waliunda kamati moja, nusu yao kutoka huku na nusu kutoka kule. Walikubaliana kwamba stima itakuwa ya pande zote, bei iwe moja, na mtambo ukiharibika mafundi watoke kaunti zote mbili. Walileta hata wageni kutoka wilaya mbili za Uganda zinazotumia mtambo mmoja wa maji, wakatueleza pale sokoni jinsi walivyogombana miaka mingi kabla ya kuelewana. Wageni hawakuficha kitu, na hilo lilitusaidia kuliko hotuba.

Kisha mhandisi akaja kwangu. Anaitwa Millicent Akong'o, ni mtu wa kaunti za ziwani, hajui Ekegusii hata neno moja, lakini ana adabu. Aliketi na Mama na mimi nje ya nyumba, akakataa soda, akasema moja kwa moja.

"Mama Lorna, mfereji unafuata usawa wa ardhi. Usawa huo unapita kwenye kaburi la mzee. Nimeambiwa alivyofariki. Kaunti zote mbili ziko tayari kugharamia kumhamisha kwa heshima, na mchungaji awepo. Mkikataa, sitawalazimisha."

Mama hakungoja nimtafsirie. "Mwanangu hahamishwi," akasema kwa Ekegusii. "Walishamhamisha mara moja, kutoka duniani." Kisha akaingia ndani.

Nami nikakataa. Mhandisi akashukuru akaenda zake. Shemeji, kazi ilisimama, na watu walianza kunitazama vibaya, hata wa upande wetu. Wengine walisema mjane ameufunga mto. Mzee Abner, mwenyekiti wa kamati upande wetu, ndiye pekee aliyewakemea hadharani.

Halafu wazee wa ng'ambo wakaomba kuja. Walivuka mchana, wakipita kwenye mawe mbele ya watu wote, bila fimbo mikononi. Kemunto, mama yake Ochoki, alikuwa nao, mwanamke pekee kati yao. Hawakuomba shamba. Walisema wamekuja kulilia msiba ambao hawakuja kuulilia wakati wake. Wakaenda kaburini, wakasimama pale kwa muda mrefu, na Kemunto akalia kwa sauti. Mama alikaa ndani na mlango ukiwa umefungwa. Walipoondoka hawakuwa wameutaja mfereji hata mara moja.

Nilikaa na jambo hilo moyoni wiki kadhaa. Nilimfikiria Nyamweya, na nikajiuliza aliteremka kufanya nini siku ile. Hakwenda kupigana. Alikwenda ili watu wasiuane kwa sababu ya maji. Nilipofika hapo, nikamwita mhandisi.

"Ukiupinda mfereji upande wa juu kidogo, utapita wapi?" nikamuuliza.

Akatazama, akapiga hatua, akarudi. "Juu pana jiko lako, mama. Juu ya jiko ni mwamba."

"Basi bomoeni jiko."

Alinitazama kana kwamba hakusikia. Akaniuliza kama nina hakika, maana jikoni ndiko nilikopikia tangu niolewe. Nikamwambia jiko hujengwa tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kesho yake nilimkuta akitoa vyungu vyake mwenyewe na kuvipanga juani.

Kwa hiyo, shemeji, hakuna aliyeligusa kaburi. Waliokuambia walikosea. Maji yanapita upande wa juu, pale palipokuwa jiko, kwenye mfereji wa saruji uliofunikwa, na kaburi limezungushiwa ukuta mfupi wa mawe ili udongo usiteremke.

Siku ya kubomoa walikuja mafundi wa pande zote mbili. Kati ya wale wa ng'ambo nikamwona Ochoki, aliyekuwa amemaliza kifungo chake. Alikuwa amesimama nje ya lango, hajaingia. Amekonda sana, na ameanza kuota mvi ingawa bado ni kijana. Wenzake walikuwa wakijifanya hawamwoni. Nikaenda mpaka langoni.

"Mama Lorna," akasema bila kuinua macho, "ukiniambia nirudi, nitarudi."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumwambia siku nikimwona. Miaka yote hiyo niliyatayarisha nikichuma majani chai. Nikatazama jiko langu, nikamwambia, "Mabati ya lile paa bado ni mazima. Panda uyashushe polepole, usiyakunje."

Akapanda. Aliyashusha moja moja mpaka jioni, na hakuna hata moja lililopinda.

Sikumwambia nimemsamehe. Sitakudanganya, bado sijafika huko, na wewe sikuombi ufike kabla yangu. Nakueleza tu kilichotokea.

Mtambo ulianza kufanya kazi mwezi Januari. Wakubwa wa kaunti zote mbili walikuja, na viti vikapangwa kwa kuchanganya, wa huku kando ya wa kule. Nilipewa kiti cha mbele lakini nikaketi nyuma na wanawake wenzangu. Sasa kinu cha unga hapa kwetu hakinywi dizeli tena, watoto wanasoma bila moshi wa taa, na zahanati ya ng'ambo ina friji ya chanjo na taa katika chumba cha kujifungulia. Nimejengewa jiko jipya. Chai napika kwa stima. Ugali bado napika kwa kuni, maana Mama anadai wa stima hauivi.

Bado kuna ugomvi, usidhani tumekuwa malaika. Mwezi uliopita stima ilikatika siku mbili, na kila upande ukasema ni mkono wa wenzao. Kamati ikakutana, ikaonekana ni majani yaliyoziba wavu wa maji. Waliyatoa pamoja, wakicheka kwa aibu.

Jambo la mwisho ndilo lililonifanya nikuandikie wewe kabla ya mtu mwingine. Jumatano iliyopita presha ya Mama ilipanda. Nilitaka kumwita mtu wa boda boda. Akasema hapana, twende zahanati ya ng'ambo, ni karibu. Nikamshika mkono, tukavuka kwa daraja dogo la mafundi. Hakuwa amevuka tangu tumzike mwanawe.

Ukumbini taa zilikuwa zinawaka ingawa ilikuwa asubuhi, kwa sababu ya ukungu. Benchi lilikuwa limejaa. Akaingia Kemunto, anatembea kwa shida, akamwona Mama, akageuka ili atoke. Mama yako akamtazama, kisha akajisogeza kwenye benchi, akanisukuma na mimi nijisogeze, mpaka nafasi ikapatikana. Kemunto akaketi. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mpaka muuguzi alipomwita Mama kwa jina.

Njoo nyumbani, Thadeus. Mama hajaniagiza nikuambie, lakini kila gari likisimama barabarani hutoka nje kutazama.

Lorna anakusalimu sana, pia Mzee Abner. Mwambie Anisia kitenge alichonitumia ndicho ninachovaa Sabato. Mungu aliyewalinda kote huko awashike mkono, awafikishe hapa mlangoni mkiwa wazima.

Ni mimi nikupendaye, mke wa kaka yako,

Mokeira Nyamweya.