Bequeath, na Shamba la Papa

Jumapili, Oktoba 2018. Sharpstown.

Mvua tangu asubuhi. Sikwenda kanisani. Watu wangenikumbatia na kuniambia nijikaze, na mimi nimechoka kujikaza.

Papa, baba yetu, tulimzika wiki iliyopita hapa Houston, mbali na kwetu Fizi, mbali na kaburi la Mama kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Viti vya kuazima vya matanga bado vimeegemea ukuta wa sebule. Sina nguvu ya kuvirudisha.

Siku chache kabla hajatutoka alituita kitandani kwake: mimi, mdogo wangu Amani aliyekuja kutoka Euless anakopakia mizigo ya ndege, na Neema, kitinda mimba wetu, aliyezaliwa kambini Kigoma na kukulia hapa. Nikadhani anataka tusali. Kumbe anagawa shamba. Shamba la Fizi! Lile tulilolikimbia wakati wa vita, ambalo watu wengine wanalilima mpaka leo na hata hawajui kama tuko hai. Mimi akanipa upande wa juu, Amani kando ya barabara, Neema kule kijitoni.

Nilikasirika, nisiseme uongo. Mtu anakufa ugenini, halafu anagawa kitu asichokuwa nacho. Amani aliangalia sakafu tu. Neema, ambaye Kiswahili anakisikia nusunusu na kujibu kwa Kiingereza, akaniuliza Papa kasema nini. Nikamwambia anatubariki.

Leo Neema kaja na neno kutoka chuoni.

Nilikuwa napika sombe ya majani ya mihogo. Akakaa mezani, akaniambia darasani wamesoma kitenzi cha zamani, bequeath. Maana yake ni kumwachia mtu mali yako kwa wasia. Siku hizi utalikuta kwa mawakili, au kwenye utani: mwenzake wa bwenini alipohama alimwambia ana-m-bequeath maikrowevu yake, mbovu kabisa. Lakini zamani sana, akasema, lilitoka kwenye kitenzi cha kusema tu. Ku-bequeath ilikuwa kutamka jambo. Baadaye ikawa kutamka kitu chako kiende kwa nani. Wengi hawakuwa na karatasi. Mtu alisema, waliokuwepo wakasikia, yakaisha.

Nikaendelea kukoroga sufuria. Nilijua anakoelekea.

"Yaya," akaniita, maana kwetu ndivyo mdogo anavyomwita dada yake mkubwa. Safari hii aliongea Kiswahili. "Nilisikia shamba. Nilisikia jina langu. Papa alisema nini?"

Nikazima jiko.

Nilimwambia yote. Kwamba shamba lina watu, kwamba hakuna wa kutufungulia njia, kwamba Papa mwenyewe alijua. Akasema naye anajua. Haombi shamba. Anaomba maneno aliyopewa, kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyetoka chumbani mle mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipolia. Nilidhani namwepusha na uchungu, kumbe nimemnyima baba yake.

Tukampigia Amani, kwa kuwa niliogopa kukosea maneno ya Papa. Akasema tuache mambo ya ajabu, Papa alikuwa na homa, kichwa hakikuwa chake. Ila simu hakukata.

Nikaanza. Kuanzia kwenye jiwe la kijitoni, pale Mama alipokuwa akiloweka mihogo. Ushuke na maji. Mpaka kwenye michikichi miwili.

Neema akanifuatisha polepole, ulimi unamgonga. Jiwe. Mihogo. Michikichi miwili.

Nikaisogeza simu karibu yake.

"Mitatu," Amani akasema. "Michikichi ni mitatu."

Halafu akalia. Makaburini hakutoa chozi, alishika tu koleo na kufukia. Leo alilia mpaka akashindwa kusema kwaheri.

Kesho nitarudisha viti vya watu. Jumapili ijayo Amani anakuja, kasema mwenyewe, tukae tuseme sehemu zote tatu kuanzia mwanzo, kila mmoja akisikia. Sijui kama huo ni urithi. Sijui watoto wetu wataupeleka wapi.

Mvua imepungua. Namsikia Neema kule chumbani anarudia peke yake. Akikosea, anaanza tena kwenye jiwe.