Mabati Kumi ya Chumba cha Mama

Rusumo,
Wilaya ya Ngara,
Kagera.
11 Mei, 2025

Mpendwa kaka Erasmus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Morogoro, wewe, shemeji Agripina na watoto. Mguu wa shemeji umepona? Mara ya mwisho tulipoongea alikuwa bado anachechemea. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika jioni, asubuhi unanyamaza, nami nauwahisha kazini kabla haujakumbuka.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Nina jambo la kukiri, na nataka ulisikie lote kabla hujakasirika.

Ule mpango wetu wa kumwezekea mama nimeuvunja. Tulisema mabati ishirini au tusianze kabisa, maana nyumba ya nusu bati nusu nyasi ni aibu. Nimenunua kumi.

Unakumbuka masika ya mwaka jana mama alivyolazwa kwa kifua, na daktari akaonya kwamba asilale tena kwenye unyevu. Neno lile halikunitoka kichwani. Kufikia Desemba nilikuwa na fedha za mabati kumi na manne, kisha bei ikapanda. Nikaona nibane tumbo. Nikawa nakula mara moja kwa siku, jioni, ugali wa muhogo na maharage. Mchana wenzangu wakila, mimi najifanya nafunga kamba za viatu. Nilijiona mtoto mwema sana.

Mwishoni mwa Februari tulikuwa tunashusha saruji kwenye lori. Mfuko wa tano, magoti yakakataa, nikaenda chini nao. Sikuumia, ila msimamizi alinitoa kwenye kundi, akaniambia nirudi nikishapata miguu. Siku nne sikubeba kitu, na asiyebeba halipwi. Kaka, siku hizo nne zilimeza kila nilichookoa kwa kushinda njaa mwezi mzima.

Aliyenifumbua macho ni Niyonzima, Mhangaza wa Rulenge ninayekaa naye chumba kimoja. Huyu mtu hana maneno ya pole. Nilikuwa nimelala, yeye anachambua maharage, akaniuliza:

"Bwana Mabati, mama yako analala chumba gani?"

"Cha mwisho, kule mvua inakotokea."

"Na sebuleni analala nani?"

"Hakuna mtu. Kuna viti vitatu na meza."

"Viti vinakohoa?"

Nikageukia ukutani.

"Nakuuliza wewe, viti vinakohoa? Miezi miwili unanitolea macho nikila, mpaka chakula hakishuki, kumbe unajinyima kwa ajili ya viti!"

Nilimkasirikia mpaka asubuhi. Halafu nikaona amesema kweli. Masika yalikuwa yanakuja, fedha ninayo, na mimi nangoja bati la ishirini. Lakini mabati hayafanyi kazi sawa, kaka, hata kama yametoka kiwanda kimoja. Yale ya kwanza, ya juu ya kitanda, yanamkinga mtu. Yanayofuata yanakinga mahindi. Ya mwisho yanakinga sebule tunayokaa siku ya Krismasi. Na bei ya yote ni moja.

Basi nikaomba ruhusa, nikaenda Biharamulo mjini. Muuzaji, mama mmoja mnene mwenye kupenda utani, akaniangalia.

"Kumi tu, kaka? Unaezeka banda la kuku?"

"Naezeka kitanda."

"Heee! Kitanda! Mkeo ana bahati."

"Ni cha mama yangu."

Akaacha kucheka. Akainuka, akanichagulia mwenyewe yasiyo na mikunjo.

Fundi Samweli aliyafunga kwa siku mbili, chumba cha mama na kile anacholala dada Eustakia na mahindi. Palipokutana bati na nyasi aliingiza ukingo wa bati chini ya nyasi, maji yasipate mlango.

Fedha iliyobaki sikuiweka kusubiri bati la kumi na moja. Nimeila. Naandika hivyo hivyo bila kuficha. Sasa nakula mchana, na sahani hiyo moja imenirudisha kwenye kundi. Jumamosi moja nilijaribu kuongeza ya pili, nione kama nguvu zitaongezeka tena. Nililala nyuma ya mifuko mpaka msimamizi akanipiga teke. Nikajua sahani ya kwanza ni kazi, ya pili ni usingizi. Maharage yakipanda bei tunahamia dagaa. Na Jumapili nakula nyama ya mbuzi kidogo, hiyo siiachi, usinishauri.

Anatoli, karani wa ofisi moja ya forodha hapa, aliposikia habari hii alicheka sana. Anasema alifundishwa hayo kidato cha tano: kwamba kila shilingi ipelekwe pale itakapokufaa zaidi, na kitu kikishaanza kukutosha, shilingi inayofuata ihamie kwingine. Nilimwambia mimi niliishia darasa la sita, nimefundishwa na magoti.

Sasa sikia lililonifanya nishike kalamu. Mvua za Aprili zimepiga kwetu Nyamigogo wiki tatu mfululizo, na mama hajakohoa. Eustakia anasema siku ya mvua kubwa kuliko zote alimkuta asubuhi bado amelala, akaogopa, akamtikisa. Mama akamfokea kwa kumkatishia usingizi! Niliposikia hivyo nilikaa chini, nikacheka peke yangu kama mwehu. Ni kama nimetua mzigo niliokuwa nao tangu mwaka jana.

Majirani wanacheka, ndiyo. Wanasema nyumba yetu imevaa kofia upande. Mama amewajibu kwamba yeye halali juu ya paa.

Kwa hiyo nina ombi. Najua umeweka fedha kwa ajili ya sehemu yako ya mabati. Usiitume. Sebule ingoje. Ifanye nauli, uje Juni baada ya mavuno. Kitanda cha mama ni kikavu, lakini ni mwaka wa tatu hajaona uso wako, na bati halitamsaidia kwa hilo.

Nisalimie shemeji Agripina, na Tecla na Abeli waambie baba mdogo anawakumbuka. Eustakia anakusalimu, na Niyonzima pia, ingawa hakujui. Mungu awalinde njiani na nyumbani, na awape usingizi kama wa mama.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,

Idefonsi